Jinsi ya Kuandika Wimbo wa Panki Unaomdai Mabadiliko Mwandishi Wake Kwanza

Wengi wetu tulilisikia neno panki kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha kinyozi, likiwa jina la mtindo wa kunyoa, kabla hatujajua kwamba ni jina la muziki. Muziki wenyewe ulishika moto New York na London katikati ya miaka ya 1970, mikononi mwa vijana ambao wengi wao hawakuwa wamesomea ala yoyote. Mwanzoni mwa 1977 kijarida cha mashabiki kilichoitwa Sideburns kilichapa mchoro wa namna tatu za kushika nyuzi za gitaa, na chini yake kikamwambia msomaji kwamba sasa anaweza kuunda bendi. Mwaliko huo ulihusu vidole, lakini mimi nauchukua kuwa unahusu pia ulimi: mtu asiyesubiri ruhusa ya kupiga gitaa hana sababu ya kusubiri ruhusa ya kusema linalomkera.

Maneno ya panki, yakiwa yameandikwa vizuri, hudai mambo mawili kwa wakati mmoja. Hudai kwamba jamii ibadilike, na hudai kwamba anayeimba naye abadilike. Waandishi wengi wanaoanza hulishika dai la kwanza na kuliacha la pili, na ndiyo maana nyimbo zao husikika kama hotuba za jukwaani. Nitaeleza namna ninavyoandika mimi, kwa kutumia wimbo mmoja niliouanza vibaya na ambao ulinifundisha karibu kila ninachokijua katika kazi hii.

Anza na jambo ulilokuwepo likitendeka

Ilikuwa asubuhi ya masika, Dar es Salaam, na mvua ilikuwa imeanza kabla ya alfajiri. Daladala yetu ilisimama kituoni mahali ambapo wanafunzi kama kumi na watano walikuwa wamejibana chini ya mwavuli wa muuza vocha. Kila anayepanda daladala anajua kilichofuata, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na konda huwataka kwanza wanaolipa nauli kamili. Watu wazima waliingia. Msichana mmoja mwenye begi kifuani aliwahi kushika chuma cha mlango, na konda akambandua vidole kimoja baada ya kingine, bila hasira, kama mtu anayetoa gundi. Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha dirishani, nimekauka, nikamtazama mpaka gari lilipokata kona.

Usiku ule niliandika mishororo hii:

*Jamii imeoza, haki imekufa,*
*Amkeni vijana, tubadili dunia.*

Nilijisikia vizuri sana, na hiyo ilipaswa kuwa dalili ya kwanza kwamba kuna kasoro. Soma tena mishororo hiyo uone kama kuna mvua, kama kuna mlango, kama kuna vidole. Hakuna. Mgombea yeyote wa chama chochote angeweza kuiimba kwenye mkutano wake, na hata mwenye daladala angeiitikia kwa moyo mweupe, kwa sababu haimgusi. Neno "jamii" ni pana kiasi kwamba kila msikilizaji hupata mahali pa kujificha ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta vina, chukua karatasi na uandike sentensi kumi za mambo uliyoyaona, uliyoyasikia na uliyoyagusa katika tukio moja, bila neno lolote la kuhukumu. Andika "sare zimelowana" mahali pa "uonevu". Andika saa, rangi, harufu, na maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa. Kisha jiulize swali ambalo ndilo linaloutenganisha wimbo na hotuba: wewe ulikuwa umekaa wapi? Jibu la swali hilo liwe sentensi ya kumi na moja. Mimi lilinichukua siku nne kuliandika, kwa sababu nilijua kwamba likishaandikwa wimbo hautanihurumia.

Hiki ndicho kilichotoka:

*Mlango umefungwa,*
*Sare zimelowana,*
*Kiti changu kikavu,*
*Mdomo nimefunga.*

Mishororo minne, kila mmoja mizani saba. Mshororo wa kwanza unamshitaki konda na wa nne unanishitaki mimi, na kitenzi ni kimoja. Sikukitafuta kitenzi hicho. Kilikuja chenyewe nilipoacha kuipamba habari.

Sema "mimi" kabla ya kusema "ninyi"

Wapo waandishi wa panki waliolijua jambo hili mapema. Mwaka 1981 bendi ya Minor Threat ya Washington, D.C., ilitoa wimbo "Straight Edge", ambao haufiki hata dakika moja, na ndani yake Ian MacKaye aliimba kwamba yeye binafsi haoni haja ya pombe na dawa za kulevya. Alikuwa kijana akizungumza juu ya maisha yake katikati ya vijana wenzake waliodhani uasi ni kulewa. Wimbo huo ukawapa watu wengi, katika nchi nyingi, ujasiri wa kuacha, na alama ya X waliyochorwa mikononi wasiofikia umri wa kunywa, ili wasiuziwe pombe ukumbini, ikageuka kuwa alama ya fahari. Lakini wapo pia walioufanya kuwa sheria ya kuwachapia wengine, hata ikafika mahali MacKaye, katika rekodi ya 1983 ya wimbo mwingine wa bendi hiyo, akasimama katikati ya muziki na kueleza kwamba hatoi kanuni na hamwamuru mtu la kufanya.

Kutoka kwake nimejifunza mambo mawili. La kwanza, badiliko la mtu mmoja ni habari kubwa inayostahili wimbo, hata kama halijaangusha serikali. La pili, nafsi ya kwanza umoja ndiyo kinga yako. Ukisema "nimeacha kunyamaza", msikilizaji anapima maisha yake mwenyewe kimya kimya, lakini ukimwambia "acheni kunyamaza" anaanza kutafuta dosari zako, na atazipata.

Miaka michache baadaye MacKaye na wenzake wa bendi ya Fugazi walirekodi "Suggestion", wimbo ambao yeye anauanza akiimba kama mwanamke anayeuliza kwa nini hawezi kupita mtaani bila kusumbuliwa na wanaume. Kadiri unavyoendelea, wimbo humwacha mwanamke huyo na kuwageukia waliosimama pembeni wakanyamaza kama walivyofundishwa, na mwisho humtia hatiani kila mmoja, mwimbaji akiwemo. Nauheshimu mgeuko huo kuliko kelele zote za magitaa. Ukiandika, tafuta mahali ambapo wimbo wako utageuka namna hiyo, na usiuweke mwanzoni, kwa maana msikilizaji anahitaji kwanza kumwonea uchungu aliyeumia ndipo akubali kujitazama.

Mtafute anayefaidi, si anayeonekana tu

Kosa langu la pili lilikuwa konda. Beti zangu za mwanzo zilimtukana, na matukano hayo yalikuwa rahisi kwa sababu yeye ndiye niliyemwona. Lakini konda hana gari. Kila siku yeye na dereva wanadaiwa hesabu, yaani kiasi ambacho lazima kifike mikononi mwa mwenye gari, mvua inyeshe au isinyeshe, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha watoto wao. Mwanafunzi anayepanda kwa nauli ndogo, machoni pa konda, ni shimo katika hesabu hiyo. Kumbandua mtoto vidole bado ni kosa na wimbo ulisemee, lakini wimbo unaoishia kwa konda umewafurahisha wote walio juu yake.

Ndipo ukaja ubeti wa pili:

*Konda ana hesabu,*
*Tajiri yuko kwake,*
*Denti nauli ndogo,*
*Nani alipe yake?*

Kwa wasio wa Dar es Salaam, "tajiri" hapa ni mwenye gari, na "denti" ni mwanafunzi kama makonda wanavyomwita. Nimeyaacha maneno hayo kwa makusudi, kwa kuwa panki inataka lugha ya kituoni, na msikilizaji akikuta neno la kitabuni mahali ambapo kinywa chake kingesema lingine, anajua papo hapo kwamba hukuwepo.

Namna ya kufanya uchunguzi huu ni ndogo. Chukua jina la mtu uliyemkasirikia, kisha uulize nani anamlipa, nani anamtisha, na fedha ikitoka mkononi mwake inakwenda wapi. Uliza mara tatu. Bendi ya Crystal Axis ya Nairobi iliwahi kuita wimbo wake "Nyayo House", jina la jengo tu, na Mkenya aliyesikia habari za vyumba vya mateso vya chini ya jengo hilo katika miaka ya 1980 hahitaji kuambiwa zaidi. Bendi hiyo hiyo ina wimbo "Leopold", ambao unamrudia mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa mali yake. Mahali au mtu akitajwa sawasawa, kivumishi hakina kazi tena.

Ukipige Kiswahili kama Kiswahili

Albamu ya kwanza ya Ramones, ya 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Mwendo huo wa haraka ulizaliwa na Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja, na anayeuiga kwa Kiswahili bila kufikiri hujikuta anameza nusu ya maneno yake. Kitenzi kimoja kama "hawakutufungulia" kina silabi nane na kinaujaza mshororo mzima kabla hujasema nani wala nini.

Njia ya kutoka tunayo sisi wenyewe. Kwanza, mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosea, kwa hiyo panga maneno ili silabi hiyo ikutane na pigo zito la ngoma. Katika "fungua" pigo liangukie *ngu*. Likiangukia *a*, utasikika kama mgeni katika lugha ya mama yako. Piga meza kwa kiganja huku ukisema mshororo kwa sauti ya kawaida, na pale kiganja na mkazo vinapopishana, badilisha neno, usibadilishe matamshi. Pili, amri za Kiswahili ni fupi na zinaingia kwenye pigo bila kusukumwa: toka, simama, rudisha, sema. Tatu, hesabu mizani kama wanavyohesabu washairi wetu, kwa maana utenzi wenye mizani nane katika kila mshororo umebebwa kwa vichwa vya watu kwa karne kadhaa, na wimbo wa panki nao unataka kubebwa hivyo hivyo, na mtu asiye na karatasi.

Vina sivipi uzito mkubwa. Vikija, karibu, visipokuja, usimlete mtu asiyehusika kwenye ubeti kwa sababu tu jina lake linaishia na *-ani*.

Ipo hazina nyingine ambayo panki inaweza kuitumia kuliko tulivyozoea, nayo ni methali, hasa zile zinazotumika kuwanyamazisha watu. Poly Styrene, binti aliyekulia London na ambaye baba yake alikuwa Msomali, alikuwa mwimbaji wa X-Ray Spex, na wimbo wao wa 1977, "Oh Bondage Up Yours!", unaanza na yeye akitamka kwa sauti ya upole ule msemo wa Kiingereza kwamba watoto wa kike waonekane lakini wasisikike. Kisha anapiga ukelele, na muziki unaingia kama mlango uliopigwa teke. Msemo ule ulikuwa silaha ya wakubwa, naye akaugeuza ukawa mlio wa kuanzia. Sisi tunayo "funika kombe mwanaharamu apite", ambayo mtoto huisikia kila mara anapoona jambo baya nyumbani. Tunayo "mkono mtupu haulambwi", ambayo wapo wanaoifanya kisingizio cha kupokea rushwa. Iandike methali kama ilivyo, iimbe kwa upole, kisha igeuze neno moja tu. Kutoka *funika* kwenda *funua* ni safari ya silabi mbili.

Kiitikio lazima kiweze kusimama peke yake

Mwezi Agosti 1976 Joe Strummer na Paul Simonon wa The Clash walikuwa kwenye kanivali ya Notting Hill, London, vijana weusi walipopambana na polisi. Wimbo wao "White Riot" (yaani ghasia za wazungu) wa 1977 ulitokana na siku hiyo, na maana yake ilikuwa kuwauliza vijana wazungu kwa nini wao wamefundishwa kutii huku wenzao weusi wakisimama. Lakini kiitikio, kikiwa kimetengwa na beti, kiliwafikia wengine kama mwito wa vita vya rangi, na wabaguzi wakakipenda. Bendi haikuwa upande wao hata kidogo. Tarehe 30 Aprili 1978 ilipiga Victoria Park kwenye tamasha la Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi, pamoja na X-Ray Spex na Steel Pulse, bendi ya rege ya Birmingham. Hata hivyo umati haubebi beti, hubeba kiitikio, na kiitikio kikienda nyumbani bila beti kinaweza kulala kwa adui.

Jaribio langu ni hili: kiandike kiitikio peke yake ukutani na umwulize mtu ambaye hajasikia wimbo kinamtaka afanye nini. Changu kilikuwa "Haki! Haki! Haki!", na rafiki yangu akasema kinamtaka apige makofi. Nikakifuta. Kilichokaa mahali pake ni hiki:

*Fungua mlango! Fungua mdomo!*
*Gari haliondoki!*

Mstari wa mwisho ni kitendo. Abiria watano wakisema kwa pamoja kwamba gari haliondoki mpaka wanafunzi waingie, haliondoki. Nimeliona likitokea mara mbili tangu wakati ule, na mara moja mimi ndiye niliyeanza, kwa sauti iliyotetemeka kuliko nilivyotarajia. Ninakushauri usimalize wimbo wako kabla hujaweza kutaja kitendo kimoja ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifanya kesho asubuhi, na kabla wewe mwenyewe hujakijaribu.

Hatari, na mwenendo unaouzunguka wimbo

Maneno yana gharama. Februari 2012 wanawake wa kundi la Pussy Riot waliimba sala ya panki dhidi ya Putin katika kanisa kuu la Moscow, na watatu kati yao wakahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Kwetu, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo" kabla ya kuachiwa. Hakuwa mwimbaji wa panki, lakini sheria haiulizi aina ya muziki. Jua sheria ya mahali ulipo, usimtaje mtu kwa jina kwa jambo usiloweza kulithibitisha, na usimwingize kwenye ubeti mnyonge ambaye ataadhibiwa kwa niaba yako. Msichana wa kituoni hana jina katika wimbo wangu, wala shule, wala njia ya basi.

Kisha kuna namna unavyoupeleka wimbo kwa watu, na hapo ndipo waimbaji wengi wa mabadiliko hukamatwa na maneno yao wenyewe. Fugazi kwa miaka mingi walijitahidi kiingilio kisizidi dola 5, walitaka watu wa umri wote waruhusiwe kuingia, na walisimamisha muziki pale watu walipoanza kuumizana mbele ya jukwaa; aliyekaidi alirudishiwa dola zake 5 na kuonyeshwa mlango. Bikini Kill, bendi iliyoanzia Olympia, katika jimbo la Washington, mwaka 1990, waliwaita wanawake waje mbele ya ukumbi, mahali ambapo kwa kawaida wanaume waliwasukuma mpaka wakakimbia, na waliwagawia karatasi zenye maneno ya nyimbo. National Wake walikuwa Waafrika na wazungu katika bendi moja, Johannesburg, mwaka 1979, wakati sheria za ubaguzi ziliwakataza hata kuishi nyumba moja. Kabla hawajaimba neno, kule kupanda kwao jukwaani kulikuwa kumeshasema.

Nasi tulipopata nafasi ya kupiga kwenye ukumbi mmoja, tuligundua mlangoni kwamba kiingilio kilichopangwa hakiwezi kulipwa na mwanafunzi yeyote. Tulikuwa tumebeba wimbo kuhusu wanafunzi waliofungiwa nje. Tulizungumza na mwenye ukumbi kwa karibu saa nzima, akakubali walio na sare au kitambulisho waingie bure kwa sharti kwamba fedha hiyo ikatwe kwenye malipo yetu, na tulibaki na nauli tu. Andika gharama ya namna hii kwenye mpango wako tangu mwanzo, kwa sababu itakuja.

Mwimbie unayemsema kabla hujamwimbia umma

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mtaani kwetu anaishi konda, mtu mzima, wa njia nyingine. Kabla ya kurekodi nilikwenda kwake jioni na gitaa lisilo na umeme, nikamwambia ndugu yangu, kuna wimbo unakuhusu, nisikilize kwanza kisha unifukuze. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai bila kukinywa. Ubeti wa kwanza haukumpendeza, lakini hakuupinga. Kwenye ubeti wa pili alinisimamisha.

"Tajiri yuko kwake? Nani kakwambia?" Akatoa simu mfukoni na kuiweka mezani, kioo juu. "Tajiri yuko humu. Saa mbili, saa sita, saa kumi. Nikiwa na denti kumi ndani, simu inaita, nashika mlango kwa mkono mmoja."

Nilirudi nyumbani nikaandika upya mshororo mmoja, *Tajiri yu simuni*, mizani saba zile zile. Kina kikavunjika, kwa kuwa sasa hakuna cha kuitikia *yake*, na mpiga ngoma wetu alijaza pengo hilo kwa mapigo matatu makavu, kama simu inayoita.